Mh ya Fundi Tulia

Usidhani waliomwita Tulia walimwona mtulivu. Aa, wapi! Walimwita hivyo kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni. Injini ikigoma kuwaka, anaipapasa ubavuni: "Tulia, tulia mama." Mteja akija juu: "Tulia, bosi." Nati ikikataa kufunguka: "Tulia wewe, leo utanijua." Mwenyewe sasa, kukaa kitako ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba gia boksi. Chai aliinywa akitembea, kikombe mkono huu, spana mkono ule. Mkewe alikuwa akiwaambia watu kwamba siku ya harusi yao mpiga picha alitoka jasho, maana katika kila picha bibi harusi ameonekana vizuri na bwana harusi ametoka ukungu mtupu.

Gereji yake ilikuwa na paa la bati lililotoboka hapa na pale, sakafu iliyokunywa oili hadi ikawa nyeusi, na upande mmoja ukuta wa mabati uliomtenga na jirani. Jirani huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuchonga vyuma. Alikuwa na lethi, ile mashine kubwa inayokizungusha chuma huku kisu kikikila taratibu mpaka kinakuwa duara safi. Tulia akifumua injini, krenki, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani yake, inapelekwa kwa Shemeji ikachongwe. Shemeji akimaliza, anairudisha pamoja na beringi mpya za kuikalisha, na Tulia anaisuka injini upya. Wakitaka kuitana hawakujisumbua kuzunguka nje. Tulia anagonga bati kwa spana, kwa! kwa!, na kutoka upande wa pili linakuja jibu moja, kwa! Hapo ujue Shemeji amesikia na anakuja, ila usitegemee haraka.

Maana Shemeji alikuwa mtu wa taratibu hadi anaudhi. Kipimo anakipima, anakipima tena, anavua miwani, anaifuta, anapima. Mwaka fulani alimchongea Tulia vizibo vya mbao, vikubwa kwa vidogo, akavipaka rangi nyekundu na kuvifunga vyote kwenye kamba moja ndefu.

"Injini ikiwa wazi, ziba matundu yote kwa hivi," alisema. "Vumbi haliingii. Na kwa kuwa viko kwenye kamba moja, huwezi kusahau kimoja ndani."

Tulia alicheka hadi akashika mbavu. "Shemeji, mimi ni fundi au mtoto wa chekechea?"

Akavitundika kwenye msumari ukutani, vikabaki pale vikila vumbi. Yeye alikuwa na njia yake, nayo ni matambara. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashona mapazia ya watu, na vipande vinavyobaki vilikuja gereji kwa mifuko. Unachana, unakunja, unasokomeza tunduni, unaendelea na mambo yako. Upande wa pili wa bati, kinyume chake, tambara lilikuwa marufuku. Lethi ikilidaka tambara, mkono unafuata. Shemeji alifuta mikono kwa karatasi, na mtu akiingia mle ndani na tambara begani alitolewa nje kama kuku jikoni.

Sasa ndipo likaja lori la Mama Mizigo. Huyu alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na lori dogo, kazi yake kuhamisha vyombo vya watu, na kila mtaa alijua nani kahamia wapi na kwa nini. Injini yake ilikuwa imechoka kabisa. Tulia akaifumua yote, Shemeji akachonga krenki na kuleta beringi zake, Tulia akaisuka. Ilipowashwa mara ya kwanza, ilinguruma vizuri mpaka Mama Mizigo akapiga vigelegele pale pale. Akaondoka nayo akipunga mkono dirishani.

Kabla hata Tulia hajamaliza kujisifu, lori likarudi.

"Fundi!" Mama Mizigo aliruka chini. "Taa ya oili imewaka nyekundu, na huko ndani kuna mtu anagonga mlango anataka kutoka!"

Tulia akafungua boneti. "Hebu washa." Ikawaka, kimya kabisa. "Mbona haigongi?"

"Ilikuwa inagonga, haki ya Mungu! Nilisimama pembeni, nikaizima, nikasubiri. Nilipowasha tena ikawa imenyamaza."

"Kanyaga mafuta. Endelea. Usiachie."

Mama Mizigo akakanyaga. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha juu ya injini kukaanza, ta-ta-ta-ta-ta, na Tulia akahisi kama anagongwa utosini. Zilikuwa tapeti, vile vikombe vidogo vinavyozisukuma vali zifunguke. Za injini ile zinajazwa oili kwa ndani, na oili ikikosa nguvu ya kuzifikia zinalegea na kulia. Tapeti inayolia ni tapeti yenye njaa, hilo Tulia alilijua hata usingizini.

Akajipa moyo kwamba labda ni taa tu inasema uongo. Akang'oa swichi yake, akafunga geji ya kupimia presha ya oili mahali pake, wakawasha tena. Mshale ukapanda vizuri, ukasimama. Mama Mizigo akakanyaga mafuta, na mshale ukaanza kushuka, pole pole, ukashuka, ukashuka. Taa haikuwa imesema uongo.

Hapo kichwa kikamwaka moto. Injini imetoka kusukwa, presha ya oili inashuka, tapeti zinalia. Fundi yeyote atakwambia neno moja: beringi. Beringi ikikaa kwa kulegea kwenye krenki, oili inavujia hapo hapo chini, huko juu haifiki. Na beringi ni za nani? Tulia hakugonga bati. Alizunguka nje kwa miguu, mbio mbio, spana mkononi, akasimama mlangoni kwa Shemeji na kufungua mdomo wote.

"Shemeji! Umenipa beringi gani wewe? Krenki ile umeichonga umefumba macho?"

Lethi ikazimwa. Wauza vipuri wa ng'ambo ya barabara wakatoka vibandani. Mchomeleaji akainua kinyago chake aone vizuri.

"Ingia ndani tuzungumze," Shemeji akasema.

"Tuzungumze nini? Presha inashuka! Umenichafulia jina mbele ya wateja!"

"Inashuka muda wote?"

"Inashuka ikikanyagwa!"

"Na ikizimwa, ikakaa?"

"Inarudi! Halafu inashuka tena! Sasa maswali ya nini?"

Shemeji akavua miwani. "Basi siyo beringi. Beringi iliyolegea haiponi kwa kupumzika, shemeji. Fungua chini uangalie."

Ukweli wote ulikuwa umeshasemwa hapo, katika sentensi moja, na mtu mwenye masikio mawili angeusikia. Lakini Tulia alikuwa amepanda juu na hakujua pa kushukia. Watu walikuwa wanamtazama.

"Unanifundisha kazi?" akafoka. "Mtu mzima ovyo!"

Lo! Neno likatoka, likaenda. Kaka wa mkewe, mtu aliyemlea mkewe tangu wazazi wao walipofariki, anaitwa ovyo barabarani, na mchomeleaji amekaa anasikiliza. Shemeji akairudisha miwani machoni, akamgeukia Mama Mizigo aliyekuwa amefuata nyuma.

"Mama, lori lako likipona, safari yake ya kwanza iwe ya kwangu. Nahamisha mashine. Kuna rafiki yangu upande wa pili wa mji, siku nyingi ananiita nikashike chumba kwake."

"Sawa, fundi," akasema Mama Mizigo, na kwa mara ya kwanza watu wakamsikia anaongea kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo ona mtego wenyewe ulivyokuwa. Tulia akilitengeneza lori, Shemeji anaondoka nalo. Asipolitengeneza, yeye si fundi tena. Aliingia kazini kama mtu anayekimbizwa. Akamwaga oili akaweka nzito zaidi, kelele zikarudi. Akang'oa filta, akaikata kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake juani, akiomba Mungu aone chembe za chuma zinang'aa, maana beringi inayolika lazima iache vumbi lake humo. Hakukuwa na hata chembe. Akaikunja haraka na kuitupa pipani, kisha akaenda akaitoa tena pipani na kuitazama upya, na bado hakukuwa na kitu. Akatoa tapeti zote, akaziosha, akazibonya moja moja kwa dole gumba. Zilikuwa nzima zote. Akazirudisha, akawasha, akakanyaga. Ta-ta-ta-ta.

Upande wa pili wa bati alisikia vitu vinafungwa kwenye masanduku. Kila nyundo ilipogonga msumari, yeye aliacha alichoshika na kushika kingine. Alikwenda hadi kwenye bati, akainua spana agonge, akaishusha. Aende akamwambie nini? Haiponi kwa kupumzika. Haiponi kwa kupumzika. Maneno hayo yalimzunguka kichwani mpaka akayachukia.

Mwisho akalipandisha lori kwa jeki, akalikalisha kwenye vigogo, akajiingiza chini. Akafungua sampu, lile bakuli la chini linaloshika oili yote ya injini. Mama Mizigo alikuwa amekaa juu ya tairi bovu hatua chache kutoka hapo, anakula karanga.

Sampu ilishuka. Tulia akainua taa.

Pampu ya oili ina mdomo wake chini kabisa, wenye chujio la waya, nao ndio unaofyonza oili na kuipeleka kote. Pembeni mwa mdomo ule kulikuwa na kitu kimejikunja na kunasa, cheusi kwa oili. Akakivuta kwa vidole viwili. Akakikamua. Kikatokeza mistari ya kijani.

Lilikuwa tambara, kipande cha pazia.

Akalala pale chini bila kusogea, na kwa mtu yule hilo lilikuwa jambo la ajabu. Kila kitu kikajipanga chenyewe. Injini ikiwa taratibu, pampu inavuta kidogo na tambara linaelea pembeni. Ikikanyagwa, pampu inavuta kwa nguvu, tambara linakuja kuziba mdomo, oili inakosa njia, tapeti zinalia njaa. Ukizima, tambara linalegea na kuning'inia tena pembeni, na injini inapona. Ili awe na uhakika akafungua beringi moja aitazame. Iling'aa, bila mkwaruzo hata mmoja, imekaa kwenye krenki kama ukucha kwenye kidole. Matambara ni ya gereji yake, kutoka kwenye mfuko wa mkewe. Kule kwa Shemeji tambara halikanyagi mlango.

"Fundi, umeona nini?" Mama Mizigo akauliza.

Tulia akalisokomeza tambara mfukoni mwa ovaroli. "Bado naangalia."

Akasafisha, akafunga, akaweka oili mpya, akawasha. Geji ikapanda na kusimama. Mama Mizigo akakanyaga mafuta mpaka moshi ukafunika gereji, mshale haukutikisika, na tapeti zilikuwa kimya kabisa.

"Alhamdulillahi! Kwa hiyo zilikuwa zile beringi za shemeji yako?"

Tulia alikuwa anafuta spana. Alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo na nafasi ya kusema siyo. Akasema:

"Mh."

Mama Mizigo akatikisa kichwa kwa masikitiko na kwenda zake. Kwa mdomo wake ule, mtaa mzima ukajua kabla ya jua kuzama kwamba zilikuwa beringi. Jioni Shemeji alipita mbele ya gereji na funguo mkononi.

"Habari za jioni, shemeji."

"Njema tu," Tulia akaitikia, na tambara likamchoma pajani kupitia mfuko.

Nyumbani hakukalika. Alikaa kwenye kiti, akainuka. Akaenda kufunga bomba ambalo halikuwa linavuja. Akarekebisha bawaba ya mlango uliokuwa hauna kosa lolote. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedeli, akimfuata kwa macho tu.

"Una nini wewe leo? Unanizungusha kichwa."

Akatoa tambara, akaliweka mezani. Mkewe akalishika, akaligeuza.

"Hiki si kipande cha lile pazia la sebule ya yule mwalimu? Mbona kiko hivi?"

"Kilikuwa ndani ya injini. Nilikisahau. Ndicho kilichozuia oili."

Pedeli ikasimama. "Kaka anajua?"

"Bado."

"Na Mama Mizigo umemwambia nini?"

"Aliniuliza kama ni beringi. Nikasema 'mh'."

"'Mh' ya ndiyo au 'mh' ya siyo?"

"'Mh' tu."

Mkewe akaondoa mguu kwenye pedeli. Hakupiga kelele, na Tulia alitamani apige. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Yule alikuwa akilala njaa ili mimi nile," akasema. "Unamjua. Nenda ukamalizie neno lako."

Asubuhi lethi ilikuwa tayari inatolewa. Vijana wa mizigo waliisukuma juu ya mabomba ya chuma, wakilia "haya! haya!", na lori la Mama Mizigo lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi mlangoni. Wauza vipuri walikuwa nje. Mchomeleaji alikuwa nje, kinyago juu. Tulia alifika mbio, akasimama kati ya mashine na lori.

"Subirini kwanza! Siyo beringi!" Akaliinua tambara juu. "Beringi hazikuwa na tatizo. Ni mimi. Nilisahau tambara kwenye sampu, hili hapa. Mama Mizigo, jana ulipouliza nilikudanganya. Shemeji, nimekukosea. Nimekukosea sana, nisamehe."

Shemeji akalipokea tambara, akalinyoosha, akaitazama mistari ya kijani.

"Ulilitoa lini?"

"Jana."

"Kabla sijakusalimia, au baada?"

"Kabla."

"Nikakusalimia."

"Ulinisalimia."

"Ukaitikia."

"Nikaitikia, shemeji."

Shemeji akalikunja tambara vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. "Nimekusamehe. Tambara mtu yeyote anaweza kulisahau, hilo halikuniuma. Lakini ulinitukana barabarani, nikakwambia mahali pa kutazama, hukusikia. Ukaja ukaona mwenyewe, ukanyamaza. Siwezi kufanya kazi huku natega sikio, nangoja kelele nyingine kutoka upande wa pili. Umri umekwenda." Akawageukia vijana. "Pandisheni."

"Kwa hiyo unaondoka kweli?"

"Nimeshawapa neno langu kule. Dada akipika Jumapili, mniite. Nitakuja kula." Akaweka mkono begani kwa Tulia, mkono mzito wa mtu wa vyuma, halafu akautoa na kupanda mbele kwa Mama Mizigo.

Lori likawaka, likaondoka na mzigo ule wote wa chuma. Tulia akalisindikiza kwa sikio. Mungu amsamehe, fundi yule aliomba injini aliyoisuka kwa mikono yake ilie. Ta-ta-ta moja tu, pale kwenye kona, irudi. Lakini lori lilipanda mlima, likakanyagwa mafuta, likakata kona, na halikulia hata kidogo. Kazi yake ilikuwa nzuri mno.

Wiki iliyofuata aliletewa injini nyingine ya kufumua. Mfuko wa matambara aliupeleka nyumbani kwa mkewe, akaenda kwenye msumari na kushusha vile vizibo vyekundu. Akavipangusa vumbi. Akaziba tundu hili, akaziba lile, kamba ikizunguka injini yote, na mchomeleaji aliyepita hapo akacheka akamuuliza kama leo kuna sherehe. Tulia akaendelea kuziba. Tundu moja la pembeni lilibaki wazi. Akajaribu kizibo hiki, kikazama. Akajaribu kile, kikakataa kuingia. Ilihitajika saizi ya katikati, kitu cha kuchongwa dakika chache tu.

Bila hata kufikiri akanyoosha mkono, akagonga bati kwa spana. Kwa! kwa!

Sauti ikaenda ikazunguka kwenye chumba kitupu na kumrudia. Tulia akabaki amesimama, spana imeegemea bati, akisikiliza. Kisha akagonga tena.